Karo Nililolivunja

Siku ile naikumbuka, Tunu mwanangu, hata rangi ya gauni nililovaa naikumbuka. Nilikuwa nimekubeba mgongoni, nimesimama kwenye duka la vifaa vya ujenzi kule Mwanga, mjini kwetu hapa, nachagua sinki la jikoni kama mtu anayechagua mchumba. Naligonga kwa kucha nisikie linavyolia. Napitisha kiganja. Nikachukua refu la chuma king'aavu, lenye mabakuli mawili, na koki ya shingo iliyopinda. Baba yako akaniuliza swali moja tu.

"Mama umemuuliza?"

"Anayepika ni mimi," nikamjibu. "Kwani jiko ni la nani?"

Akanyamaza, akalibeba begani. Na yeye sijamsamehe kwa kunyamaza kule. Mwanamume akiona mkewe anakosea, akachagua amani ya nusu saa, basi na yeye ameshika nyundo.

Sikwambii haya kwa sababu nimezeeka. Sina mvi hata moja. Wakubwa hungoja mpaka wazeeke ndipo waseme walipokosea, na wakati huo waliyemkosea hayupo wa kusikia. Mimi siwezi kungoja. Nina hasira, na kubwa yake ni juu yangu mwenyewe.

Bibi yako mzaa baba tuliishi naye hapa hapa Rusimbi. Nyumba ilikuwa yake kabla haijawa yetu. Magoti yalikuwa yamemchoka, kusimama muda mrefu hakuwezi. Lakini nyuma ya nyumba palikuwa na karo la saruji, la chini, ambalo marehemu babu yako alimjengea kwa kimo cha mtu aliyekaa kwenye kigoda. Mtaro wake mpana, maji yanakwenda moja kwa moja kwenye migomba. Dagaa wa Katonga, wale walioanikwa kwenye mchanga, aliwaosha maji matatu, manne, mpaka ukitafuna husikii chembe. "Mwakeye," anamsalimu jirani kwa Kiha, na jirani lazima asimame, maana bibi yako alikuwa na mdomo. Akimwona mtu ana haraka anamwambia, "Nenda, nenda, huko uendako wameshakula na vyombo wameosha." Wewe ulikuwa ukiogeshwa pale pale, kwenye beseni, katikati ya miguu yake.

Mimi karo lile nililionea aibu. Lina nyufa, lina kuvu ukingoni, inzi hawaishi. Nimesoma mpaka kidato cha nne, nikajiona najua nyumba ya kisasa inavyokaa. Tulipoanza kukarabati jiko nikamwambia fundi alivunje tupate kusogeza ukuta. Akaligonga mara mbili, akacheka. "Hili alijenga mtu anayempenda mkewe. Halivunjiki." Likachukua asubuhi nzima. Bibi yako alikuwa amekaa mlangoni, anatazama.

"Mama, sasa utaosha vyombo ndani, kama bosi," nikamwambia.

"Haya, mama."

Basi. Nikadhani amekubali. Mwanangu, "haya" ya mzee isikilize mara mbili.

Sinki likafungwa kwa kimo changu, na mimi unaniona nilivyo mrefu. Yeye lilimfika kifuani. Alijaribu. Nilimkuta amesimama, mkono mmoja umeshika ukingo, mwingine unasugua sufuria, maji yanamchuruzika kutoka kwenye kiwiko hadi ubavuni. Nikamwambia aache, nitaosha mwenyewe. Nilidhani hiyo ni huruma. Kumbe nilikuwa namnyang'anya kazi, na mzee ukimnyang'anya kazi yake bila kumwachia mahali pa kukaa, umemwambia aondoke.

Jumapili moja tukapata wageni, wenzake baba yako wa kazini. Bibi yako akataka kuwapikia dagaa kwa mawese. Hakuwa na pa kuwaoshea ila kwenye sinki langu. Mchanga ukashuka kwenye lile bomba jembamba la chini, likaziba, maji yakajaa, yakamwagika kwenye marumaru mapya. Nikaingia jikoni nikakuta tope linaelea. Na wageni wakiwa sebuleni wanasikia, nikasema, "Mama, hapa si ufukweni Katonga. Kama hujui kutumia vitu vya watu, uliza."

Vya watu. Kwenye nyumba yake.

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole kingekuwa kimepona zamani.

Aliwaokota wale dagaa kwa mkono, akawatia kwenye bakuli. Kesho yake baada ya chai akaniambia, kwa upole kabisa, "Mama Tunu, jiko lako zuri. Nalisifu. Ila umejenga mahali pa vyombo, hukujenga mahali pangu. Naenda kwa wifi yako Bangwe, huko bado wanaoshea chini."

Nikasema amenuna tu, atarudi. Baba yako alimfuata mara mbili, akarudi peke yake. Mimi sikwenda. Nilikuwa nangoja aniombe radhi kwa ajili ya marumaru. Uone ujinga wa mama yako. Nilikwenda masika yakiwa yanakwisha, nikamkuta uani kwa shangazi yako, kwenye kigoda, anatoa migebuka matumbo. Nikamwamkia, akaitikia. Akakupakata kwa mikono yake ile inayonuka samaki.

"Mama, nisamehe," nikasema. "Turudi nyumbani. Nitalijenga upya, kimo kile kile."

"Nilikusamehe siku ile ile. Ila kimo kile hukijui, mwanangu. Aliyekipima amelala." Akacheka kidogo. "Wewe jenga. Magoti yakiniruhusu nitakuja kulikagua."

Fundi akachelewa, na mimi nikachelewa kumfuatilia. Bibi yako alishikwa na homa kabla hata tofali moja halijawekwa, na homa ile hakuinuka nayo.

Msibani wanawake walinishika mikono. "Pole, mama, mkweo umemtunza." Nikawaitikia, "Asante." Asante ile imenikaa kooni mpaka leo. Wengine wakasema ni mipango ya Mungu. Kifo ni cha Mungu, sibishi. Lakini ile miezi aliyokaa mbali na mjukuu wake hakuipanga Mungu. Niliipanga mimi.

Sasa sikiliza. Ukija kujenga jiko, au kubomoa, usianzie dukani. Anzia kwa anayeosha. Mwambie akae anavyokaa, anyooshe mkono, upime hapo. Uliza ni nini kitaoshwa, na maji yake yatapita wapi. Kitu cha zamani usichojua kilijengewa nani, usikiguse kwanza. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na mimi mwalimu wangu alikuwa amekaa mlangoni kwangu. Ukikosea, nenda siku hiyo hiyo, hata kama mvua inanyesha, hata kama umevaa kanga iliyochanika. Na mimi nikizeeka nikawa kwako, nikikujibu "haya", usiniamini. Niulize tena.

Mungu amrehemu bibi yako. Nawe akujalie nyumba yenye watu, si vyombo tu, na kinywa kinachowahi kuomba radhi kabla hakijabaki na dua peke yake.