Kuponi Iliyopitwa na Siku Moja

Nilifanya kazi na Bi Rula miezi minane, mlango kwa mlango, ukuta wa mbao nyembamba ukiwa katikati yetu. Ninayoyasimulia hapa mengine niliyaona, mengine niliyasikia kupitia ule ukuta, na yaliyobaki alinieleza mwenyewe baadaye. Jina la Rula tulimpa sisi wenzake. Alikuwa mrefu, mnyoofu, na hata chai aliinywa kwa saa.

Utafiti wetu ulitaka kujua, kati ya watu wanaojidunga dawa za kulevya mjini, ni wangapi wana virusi vya UKIMWI. Sasa watu hao hawana orodha popote. Huwezi kupita nyumba kwa nyumba ukiuliza nani humu anajidunga. Ukienda vijiweni utawapata wa vijiweni, lakini anayejifungia chumbani kwake hutamwona. Ndiyo maana tulitumia kuponi. Tulianza na watu sita, tukawaita mbegu. Kila mbegu akishahojiwa na kupimwa, hupewa kuponi tatu awapelekee watatu anaowajua wanaojidunga kama yeye. Wale wakija, nao hupewa tatu tatu. Kila kuponi ina namba yake, ijulikane nani kaletwa na nani, na ina tarehe yake ya mwisho.

Bi Rula alikuwa msimamizi wa kuponi. Meza yake ndiyo ya kwanza ukiingia. Alisoma namba, akatazama tarehe, akauliza maswali machache ya kumjua aliyekuja kujaribu bahati tu apate nauli tuliyotoa, akaangalia alama za sindano mikononi, ndipo akakupitisha kwa mhoji. Mhoji akimaliza, unaletwa kwangu mimi mpimaji nikuchome kidole.

Kwa kina Bi Rula walizaliwa wawili, yeye na mdogo wake. Huyo mdogo tangu utotoni aliitwa Chiriku kwa jinsi mdomo wake usivyotulia. Chiriku alianza unga akiwa na miaka ishirini, akahamia sindano, akapotea miaka tisa. Kupotea kwenyewe kulikuwa kwa kuja na kwenda: leo yupo, kesho redio ya mama haipo. Bi Rula aliacha nafasi ya masomo mji mwingine ili abaki na mama. Kila jioni mama alipakua sahani tatu, moja akaifunika na kuiweka dirishani, na ole wake atakayeigusa.

"Miaka tisa nimekula huku sahani iliyofunikwa inanitazama," aliniambia Bi Rula. "Yangu hakuna aliyewahi kuifunika. Mimi nilikuwepo."

Utafiti ulipoanza, Chiriku alikuwa na miezi minne kwenye methadoni, ile dawa ya kunywa ya kliniki inayomtoa mtu kwenye sindano. Muuguzi wa kliniki akampendekeza awe mbegu: ni mwanamke, anajulikana, na masharti yetu ya kuwa umejidunga ndani ya miezi sita yalikuwa bado yanamkubali. Bi Rula alikwenda moja kwa moja kwa Daktari, mkuu wetu, akamwambia, "Huyu ni mdogo wangu, tumbo moja." Daktari akamshukuru kwa kusema. Akaamua kwamba Bi Rula asiguse mahojiano ya mdogo wake, lakini meza ya kuponi aendelee nayo.

Siku Chiriku alipohojiwa, mimi na Bi Rula tulisikia, maana chumba cha mhoji nacho kilitengwa kwa mbao zile zile. Mhoji aliuliza swali tulilomuuliza kila mtu: "Unawajua wangapi wanaojidunga hapa mjini, unaowajua kwa jina, nao wanakujua, na umewaona ndani ya mwezi mmoja?"

Chiriku akahesabu kwa vidole, akarudia, akaishia arobaini na sita.

Jioni ile Bi Rula alijiuliza swali hilo hilo. Alimhesabu kila mtu anayemjua kwa jina, naye anamjua, waliyeonana mwezi ule nje ya kazi, awe anajidunga au la. Alifika saba. Wawili kati yao walikuwa mama na Chiriku.

Kuponi zikaanza kutembea. Mtakwimu, kijana mpole aliyependa kula karanga akiwa kazini, alibandika karatasi kubwa ukutani, akichora duara kwa kila aliyekuja na mstari wa kumuunga na aliyemleta. Mbegu mbili zilikufa bila kuzaa. Tatu zilitoa duara chache zikanyauka. Ya Chiriku ilitambaa kama mboga ya maboga, ikavuka karatasi ya kwanza, ikabidi iungwe ya pili.

"Hii ndiyo inatuokoa," alisema Mtakwimu. "Walioletwa na mbegu mwenyewe hufanana naye. Mnyororo ukienda mbali, unasahau ulikotoka. Hapo ndipo tunaanza kuuona mji."

Watu wakaanza kusema Chiriku huyu, Chiriku yule. Daktari alimsifu kwenye kikao. Hata mlinzi wa getini, ambaye hakuwahi kumpa Bi Rula zaidi ya shikamoo, alikuwa anacheka na Chiriku mpaka anajishika mbavu. Bi Rula alikaa mezani kwake akigonga mihuri. Siku moja Mtakwimu alitueleza kwamba mwenye kujuana na wengi ni rahisi kufikiwa na kuponi, kwa hiyo kwenye hesabu hupunguzwa uzito ili wasiojulikana wasimezwe.

"Kwa hiyo wa arobaini na sita anahesabika kidogo kuliko wa saba?" aliuliza Bi Rula.

"Kwa hesabu, ndiyo."

Nilimwona akitabasamu. Sikuelewa kwa nini, nikadhani amependa hesabu.

Nyumbani mambo yalikuwa yale yale. Chiriku amerudi, anaosha vyombo, anaimba, na mama amekuwa kama binti.

"Mwenzio anaokoa watu," mama alisema mezani.

"Mama, na mimi nafanya kazi pale pale."

"Najua, mwanangu. Wewe sina wasiwasi na wewe."

Bi Rula aliniambia neno hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Hakuweza kulitema wala kulimeza.

Wiki ya kumi, siku ya Jumanne, aliingia mwanamke wa makamo, mkanda wa kupimia nguo ukiwa bado shingoni. Fundi cherehani. Kuponi yake ilikuwa ya mnyororo wa Chiriku, mtu wa saba kutoka kwenye mbegu, na tarehe yake ilikwisha Jumatatu. Kanuni zetu zilimruhusu msimamizi kuongeza hadi siku tatu mtu akiwa na sababu. Bi Rula alikwisha kuwaongezea watu kumi na mmoja.

"Jana nilikuwa na sare za shule za kumalizia," alisema fundi kwa sauti ya chini.

"Tarehe ni tarehe," alijibu Bi Rula.

Fundi akasema, "Sawa. Hata hivyo sikutaka kuja, niliombwa." Nikasikia viatu vyake vikitoka.

Kesho yake kwenye kikao Daktari alitutajia hali ilivyo. Watu mia mbili na kumi na wawili wamekuja, wanawake ni kumi na saba tu. "Wapo," alisema, "ila hawakai vijiweni. Wamejificha majumbani. Akija mmoja, mshikeni kama yai." Bi Rula alikuwa anatazama kucha zake.

Alhamisi asubuhi Chiriku alikuja ofisini.

"Dada, una nafasi?"

"Niko kazini."

"Nitangoja."

Akakaa kwenye benchi. Yule ambaye hajawahi kunyamaza dakika tano alinyamaza saa nzima. Meza ilipokuwa tupu akasogea.

"Kuna mwanamke ulimrudisha juzi. Habari imenirudia kwa njia ile ile kuponi iliyokwendea. Ulimrudisha kwa sababu ya tarehe, au kwa sababu yangu?"

"Tarehe."

"Basi sawa." Lakini hakuondoka. "Nilitaka ujue tu kwamba mimi simfahamu, hata sura. Anajidungia chumba cha kushonea, mlango umekomewa, mumewe hajui. Watu saba wamepokezana mpaka kumfikia. Ukimkata yeye hunikati mimi, dada."

Bi Rula alikaa akiishika kalamu. Aliponisimulia, alisema alikuwa na majibu mengi tayari, majibu ya miaka tisa, yamepangwa kama nguo kabatini. Lililotoka halikuwa mojawapo.

"Mama alikufunikia sahani kila siku," alisema.

Chiriku akajibu, "Nilikuwa naiona. Nikifika uchochoroni naiona dirishani, nageuza. Unadhani mtu anaweza kukila chakula kile?" Akajifuta pua kwa kiganja. "Nilikuwa nakuona na wewe, umekaa na mama, mnakula. Nilikuonea wivu mpaka nikakuchukia."

"Mimi? Wivu wa nini?"

"Kwamba wewe unaweza kuketi."

Bi Rula aliinuka, akaenda kwa Daktari akamweleza yote: kwamba muda wa nyongeza ulikuwepo, kwamba aliwapa wengine kumi na mmoja, na kwa nini huyu alimnyima. Daktari hakupandisha sauti. Aliandika kwenye daftari la makosa ya utafiti, akamwambia asaini. Kisha akasema, "Leo ndiyo siku ya tatu. Akifika kabla hatujafunga, tunampokea."

Tatizo likawa namna ya kumpata. Sisi hatukuwa na jina lake wala anwani. Ndivyo utafiti ulivyojengwa, watu wasiogope. Na hata kama tungejua anakokaa, hatukuruhusiwa kumfuata mtu kwake. Ujumbe ulipaswa kurudi kama ulivyokuja, mtu kwa mtu.

Bi Rula alirudi kwenye benchi. "Nisaidie," alimwambia mdogo wake. Alisema neno hilo lilikuwa zito kuliko kutia saini lile daftari.

Chiriku alitoka. Mchana ukapita. Bi Rula aliwahudumia waliokuja, na kila mlango ulipolia aliinua kichwa. Saa tisa na nusu hivi fundi aliingia na furushi la nguo kwapani. Bi Rula akasimama.

"Juzi nilikukosea. Muda wa nyongeza ulikuwepo, nikakunyima makusudi."

"Kwani nilikufanyia nini?"

"Hukunifanyia lolote."

Fundi akafikiri, akaweka furushi chini. "Haya. Maswali yako wapi?"

Nilimpima mimi. Majibu ya mtu ni ya mtu, siyasemi hata leo. Ila alipokea kuponi zake tatu akazitia ndani ya furushi, na katika wiki mbili zilizofuata waliingia wanawake watatu ambao hakuna kijiwe kingetupatia: mmoja mwenye duka la vitabu, mmoja mke wa mtu mkubwa kidogo, mmoja bibi wa wajukuu wanne. Nao wakaleta wenzao. Tulipofunga, wanawake walikuwa hamsini na wanane, na wenye virusi miongoni mwao walikuwa wengi zaidi, kwa uwiano, kuliko wanaume. Kliniki ilifungua siku mbili kwa wiki za wanawake peke yao, mlango wa nyuma.

Bi Rula alipata barua ya onyo, akaondolewa kwenye meza ya kuponi. Akawekwa chumba cha ndani kuingiza majibu kwenye kompyuta, na hapo ndipo tulipokuwa marafiki. Alisema adhabu ni ya haki. Wivu wenyewe haukuisha. Chiriku alipoajiriwa na kliniki kuwa mhamasishaji, Bi Rula alipiga makofi pamoja nasi, kisha akaenda msalani akakaa robo saa.

Lakini jioni moja alimwambia mama, "Na mimi uwe na wasiwasi nami kidogo." Mama akacheka. Alipoona mwenzake hacheki, akaacha. Tangu siku hiyo alianza kumpigia simu kila saa saba mchana: umekula? umekula nini? mbona sauti yako iko hivyo?

"Mama huyu ananichosha," Bi Rula alikuwa akilalamika, na simu ameipokea kabla haijaita mara ya pili.

Mwaka uliofuata Chiriku aliteleza, akarudi kwenye sindano siku tisa, kisha akarudi kliniki kwa miguu yake. Siku zile tisa mama hakupiga simu ya saa saba hata mara moja. Siku ya tatu Bi Rula aliacha kuitazama simu. Akamfuata mama nyumbani, wakatoka pamoja kwenda kumtafuta, yeye akiwa amebeba mwavuli na chupa ya maji, akiuliza njia kwa watu wa vijiweni ambao, alishangaa kuona, walimjua kwa jina.