Mtoe Uyoga

Jumatano, tarehe 15 Mei. Jua limewaka tangu asubuhi, siku ya tano bila mvua, na njia ya kwenda msituni imekauka mpaka inatoa vumbi.

Nataka kuandika habari ya jana kule kliniki kabla sijaanza kuipamba. Nikikaa nayo wiki moja nitajifanya mwerevu ndani yake, na sikuwa.

Mume wangu ni dereva wa trekta ya miwa. Mwezi wa pili trela ilikatika kwenye mlima, ikarudi nyuma na mzigo wote, ikapinduka katikati ya barabara. Hakuna aliyeumia. Watu walimshukuru Mungu, wakasaidia kuokota miwa, wengine wakajibebea yao pia, na siwalaumu. Yeye alirudi nyumbani kwa miguu, akaketi jikoni nyuma ya mlango, na kuanzia siku hiyo hapo pakawa mahali pake. Trekta ikisikika kwa mbali, mikono inatetemeka. Uji anauacha mpaka unapoa. Hata chooni alikuwa anaenda akishika ukuta. Lango letu hakulivuka.

Kila mtu aliupa ugonjwa huo jina lake. Shemeji yangu alisema ni uvivu. Lazima niandike pia kwamba ni huyo huyo shemeji aliyetulimia shamba lote bila kuombwa. Mama mkwe alisema kuna mtu amemwangalia vibaya, akafunga na kuomba siku tatu. Mimi sikuwa na jina. Nilikuwa na hasira tu, nikaificha kwa kuosha sufuria kwa kelele.

Mwishowe, wiki tatu zilizopita, tulimpeleka kliniki kule Shieywe kwa pikipiki, yeye katikati, amejifunika kichwa kwa koti langu. Hata ndani hakulitoa. Sista alimpima, akamuuliza maswali, akaandika dawa, kisha akanigeukia mimi. Watoto wa chanjo walikuwa wanalia pale nje, na huyu sista anaongea haraka kama mtu anayekimbilia gari.

"Hii si uvivu wala si laana," alisema. "Dawa anywe. Na mtoe uoga. Pole pole, kila asubuhi, mkiwa wawili, usimwache peke yake. Umeskia, mama?"

Niliskia. Niliskia vizuri kabisa: mtoe uyoga. Kila asubuhi, tukiwa wawili.

Mimi niliishia darasa la saba, na Kiswahili changu ni cha sokoni na kanisani. Nyumbani uyoga tunauita obwoba, kwa hivyo neno lenyewe silitumii sana. Lakini sitaki kusingizia lugha. Ningeweza kuuliza. Nilifikiri nikiuliza nitaonekana mshamba, nikaitikia kwa kichwa.

Kesho yake nilimwambia mume wangu, "Sista amesema tukatoe uyoga."

"Uyoga wa nini?"

"Ni dawa."

Kama ningemwambia twende tutembee, nadhani angekataa. Lakini dawa ni dawa. Akavaa gambuti.

Msitu uko ng'ambo ya barabara ya murram, si mbali, lakini siku ile tulitumia karibu saa nzima, kwa sababu hakukubali kuvuka mpaka ahakikishe hakuna trekta inayokuja, juu wala chini. Tulipofika nilimuuliza askari wa msitu kama tunaruhusiwa. Akasema uyoga wa kula na kuni zilizoanguka hana shida nao, mradi tusiguse miti.

Ndani kulikuwa na baridi ya majani yenye maji. Mimi sikujua pa kuanzia. Nilikuwa nang'oa kila kitu chenye kofia.

"Wewe, utatuua sisi wote," alisema. Hayo yalikuwa maneno yake marefu zaidi tangu mwezi wa pili. Alipiga magoti kando ya kichuguu, akapangusa majani kwa vidole, akanionyesha. Ule mweupe wenye shina refu. Usivute, zungusha. Ule mdogo uache. Haya yote alikuwa anayajua tangu utotoni na mimi sikuwahi kujua kwamba anayajua. Nilitazama mikono yake. Haikuwa inatetemeka.

Siku ya nne au ya tano tawi lilivunjika juu yetu, kwaa! Alinishika mkono kwa nguvu mpaka ukauma. Tukasimama hivyo. Kisha akainua macho polepole, akasema, "Ni mbega." Walikuwa wawili, weusi na weupe, mikia inaning'inia, wanatutazama kama tumewaingilia chumbani. Alikaa akiwaangalia mpaka kikapu kikaanza kunichosha, nikakiweka chini. Mchana ule alilala usingizi wa kweli, na kukoroma, na mimi sikumwamsha hata kwa chakula.

Na siku nyingine, akiwa amenipa mgongo, akipangusa udongo, alinieleza. Kabla trela haijakatika kulikuwa na msichana wa shule amevuka nyuma yake na mtungi wa maji kichwani. Alikuwa amemwona kwa kioo. "Kama angesimama kufunga kiatu," alisema. "Akisimama tu afunge kiatu." Kila akifunga macho, msichana anainama kufunga kiatu.

Mpaka leo najiuliza kama mke mwingine angepata la kumjibu. Niliendelea kutoa uyoga, yeye pia akaendelea, na baadaye akasema, "Hapo nyuma yako umeacha mmoja."

Hivyo ndivyo zilivyopita wiki tatu, mpaka jana, siku ya kurudi kwa sista. Safari hii hakujifunika na koti.

"Na uoga, unaendelea aje?" sista aliuliza akiandika.

"Mzuri, sista," nikasema. "Wiki jana tulipata vikapu viwili. Sasa mvua ndiyo imetuangusha."

Kalamu ikasimama. "Vikapu viwili vya nini, mama?"

"Vya uyoga. Si ulisema mtoe uyoga?"

"Mimi? Nilisema uoga! Uoga wa kuogopa!"

Nilitaka sakafu inimeze. Kando yangu mume wangu akatoa sauti kama ya kukohoa, akainama, mabega yakitikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa mkono wa shati.

"Mama watoto," alisema, "umenizungusha msitu mzima kwa ajili ya herufi moja?"

"Na wewe baba," sista akamgeukia, "hukuuliza hiyo ni dawa gani?"

"Niliogopa kuuliza."

Hapo sista naye akashindwa kujizuia. Alipotulia alimuuliza habari za kulala na za kula, akaandika, akasema dawa iendelee. "Na hilo kosa lenu msilisahihishe," akasema.

Sisemi msitu ndio umemponya. Kwanza hajapona. Dawa amekunywa, mama mkwe ameomba, shemeji amelima, na siwezi kujua ni kipi kimefanya nini. Nasema tu nilichokiona kwenye mikono yake.

Njiani kurudi mimi nikaanza kuogopa. Alikuwa anatoka kwa sababu aliamini ameandikiwa. Sasa amejua hakuandikiwa. Niliona nimemnyang'anya kitu kwa mdomo wangu mwenyewe, na kwamba leo nitamkuta tena nyuma ya mlango.

Asubuhi nilienda jikoni polepole. Hakuwepo nyuma ya mlango. Alikuwa nje, amekaa kwenye gogo, anagonga gambuti kutoa udongo uliokauka.

"Leo uyoga hakuna," nikamwambia, nisije nikamdanganya mara ya pili. "Jua ya siku tano."

"Najua."

"Na hatukuandikiwa."

"Mama watoto, unakuja au unabaki?"

Kwenye murram trekta ilikuwa inakuja na miwa. Nikasimama ili tungoje ipite mbali, kama kawaida yetu. Yeye hakurudi nyuma. Alishika mkono wa sweta yangu, akabaki kando ya barabara mpaka ikatupita, vumbi likatufunika. Dereva alimjua, akapiga honi na kupunga mkono. Yeye aliinua wake baadaye, trekta ikiwa imeshapita. Kisha akaangalia nyuma ya trela mpaka mwisho, kuona kama kuna mtu. Hakukuwa na mtu. Tukavuka.

Msituni tulikaa tu, bila kikapu.

Jioni tumekula obusuma, ugali wetu, na mboga ya mrenda, pamoja na omena ambazo mama mkwe alileta. Mume wangu ameongeza chakula mara moja.