Wimbo wa Kumi wa Shangazi

Mwezi uliopita nilikuwa Tororo mjini kutengenezesha simu, na yule kijana fundi alikuwa amefungulia wimbo. Nikamwambia anayeimba ni shangazi yangu. Akacheka kwa adabu, ile ya kumchekea mzee anayejisifia ujana wake. Akasema siku hizi kuna watu Ulaya wanaitafuta santuri yenye wimbo huo kwa udi na uvumba. Nilikaa kwenye benchi lake mpaka wimbo ukaisha, kisha nikaondoka, simu ikiwa mbovu vilevile.

Basi, rafiki yangu, nikueleze ilivyokuwa. Miaka ya sitini, uhuru ukiwa bado mbichi, tuliishi watu watatu kule Lunyo: bibi, shangazi na mimi. Baba alikuwa amekwenda Kongo kutafuta kazi, na mtu aliyerudi kutoka huko akasema amekufa kwa homa, wamemzika hukohuko. Shangazi aliamini. Bibi alikataa katakata. "Mimi sijaona maiti," alisema. "Mtu ya kazi nakawia." Kwetu hakukuwa na matanga. Nilikuwa na miaka minane au tisa, nisijue kama mimi ni yatima au ni mtoto wa mtu aliyechelewa, na sikuwa na wa kumwuliza.

Shangazi alishona nguo kwenye baraza la duka moja pale Busia, mpakani, na gitaa alijifunza mwenyewe. Alitunga nyimbo kumi, akapanda treni Tororo hadi Nairobi, akarekodi bila kampuni wala tajiri wa kumshika mkono. Tisa zilikuwa za kuchezwa. Wa kumi ulikuwa wa kumlilia kaka yake. Kwetu kilio hakiimbwi na mtu mmoja: mmoja anaita, waliobaki wanaitikia. Kule studio hakuna aliyejua Kisamia, lugha yetu, kwa hiyo shangazi aliita, akanyamaza kwa muda ambao watu wangeitikia, akaita tena.

Santuri ilipotoka, mwalimu wetu alituletea gazeti la Nairobi, akatusomea. Mwandishi alizisifu zile tisa mpaka basi. Kuhusu wa kumi alisema mwimbaji ameishiwa maneno, anakatika katikati ya ubeti kama aliyesahau. Shangazi alicheka sana siku hiyo, na kicheko chake kilinitia hofu.

Redio nayo ikaupenda huohuo. Watu wa mbali wakawa wanatumiana salamu kwa wimbo wa kilio! Sokoni Busia ulikuwa ukianza tu, wauza samaki wanazima redio, kwa sababu kulia mahali pasipo na maiti ni kuiita maiti ije. Mama mmoja wa upande wa Kenya, mteja wa siku nyingi, alikuja kuchukua kitambaa chake kabla hakijashonwa. "Nakupenda, dada, lakini mimi nina watoto nyumbani." Wengine wakamfuata. Shangazi akawa anashinda pale barazani peke yake. Bibi alituruhusu kupiga zile tisa. Ukifika wa kumi, aliinua sindano kwa mkono wake.

Alasiri moja shangazi alikuwa Busia, na bibi alikuwa nyuma ya nyumba akigeuza muhogo uliokuwa ukikauka juu ya mwamba. Nyumba nzima ilinuka ule uchachu wa muhogo. Nikawasha gramafoni ya betri, nikaweka sindano pale palipokatazwa. Shangazi akaita: "Mwana wa mama, umelala wapi?" Kisha kimya. Niliona vibaya kumwacha hivyo, mtu mzima anaita na hakuna anayejibu. Misiba yote ya kijijini nilikuwa nimehudhuria, na kiitikio nilikijua. Nikaitikia kwa sauti ndogo. Mara ya tatu niliitikia kwa sauti yote. Sitakudanganya, ilikuwa tamu.

Bibi alikuwa amesimama mlangoni, mikono myeupe kwa muhogo. Hakunipiga.

"Sasa umezika baba yako," alisema.

Akaketi chini, akapiga yowe. Majirani wakaja mbio, wakawasha moto uani, na shangazi aliporudi alikuta msiba. Alidhani ni mimi niliyekufa. Alipoelezwa, alisimama katikati ya ua akaanza kuita, na watu wakamwitikia siku tatu, hata wale wauza samaki walikuja. Kila mtu alilia hadi akatosheka. Mimi nilijificha nyuma ya ghala, nikingoja waje kunikamata kwa kumuua baba.

Bibi amekufa, shangazi amekufa, na boma letu limelimwa miwa. Misibani siku hizi wanakodi spika, na vijana hawajui tena kuitikia. Mimi ni bibi wa wajukuu kumi na mmoja na ninajua fika kwamba baba aliuawa na homa. Lakini hadi leo, shangazi akiita kisha akanyamaza, ninaubana mdomo wangu kwa mkono.