Mrushaji Amehamia Abu Hamour

Ijumaa iliyopita, katika basi la kutoka uwanjani, nilikaa nyuma ya watu wawili wa timu ya besiboli ya Wakenya wa mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, huku ughaibuni. Mmoja ni nahodha, kijana wa kampuni ya ulinzi. Mwingine ni muuguzi wa miaka arobaini na kitu, ambaye wote humwita Sista. Kwa misimu sita yeye ndiye mrushaji wao, anayemrushia mpigaji mpira, na bila yeye wangefungwa na kila mtu.

"Kapteni, msimu umeisha, sasa niko huru," Sista alisema. "Nimehamia Abu Hamour. Nitachezea timu ya huko."

Nahodha alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. "Tumekukosea wapi, Sista?"

"Hamjanikosea. Magoti yangu yamechoka kupanda mabasi mawili ndio nifike mazoezi."

Basi lilipita vituo viwili, kisha nahodha akamgeukia. "Na tukikutana nanyi, utanirushia taratibu?"

"Mpira wa kwanza taratibu, kwa heshima. Wa pili ujipange."

Nahodha alicheka mpaka dereva akamtazama kwenye kioo. Kisha akaomba afundishwe kurusha. Sista alitoa mpira mkobani, akampanga vidole kimoja kimoja juu ya mshono. "Hapa, na hapa. Usikaze." Kituo cha nahodha kikapita, wala hakubonyeza kengele.

Nadhani msimu ujao watafungwa. Lakini watafungwa na mtu waliyeagana naye vizuri, na hilo hata ndoa nyingi hazijaliweza.