Arobaini ya Kuazima

Nianze kwa kukiri kwamba soda ilikuwa wazo langu. Miaka yote hii nimewaacha watu waamini ilikuwa ya jirani yangu, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na sura ya kutoroka. Lakini daftari langu la siku zile liko hapa, na mwandiko ni wangu: "Leo nimesema twende tukanywe kitu baridi." Basi. Mimi niliishia darasa la nne, sikufundishwa kuandika uongo ukapendeza.

Tulikaa Bondeni, Nakuru, nyumba ya vyumba sita na uwa mmoja. Mume wangu alikuwa mtu wa reli, kazi yake kuchochea moto wa injini. Akienda Kisumu anarudi siku ya tatu. Mama yangu alikuwa shamba la mzungu kule Dundori, na miaka hiyo mtu wa kwetu hakusafiri bila pasi. Aliomba pasi mara mbili aje kunitazama, akanyimwa mara mbili. Kwa hivyo nilipojifungua binti yangu wa kwanza, mtu wa kunipikia uji nilikuwa mimi mwenyewe.

Akina mama wa kanisa walikuja, siwezi kuwanyima haki yao. Walileta kuni na sukari, wakaimba, wakaomba. Kisha mkubwa wao akaona machozi yangu, akaniambia, "Mama, mtu hapewi zawadi na Mungu halafu akalia." Alisema kwa upole kabisa. Tangu siku hiyo nikawa nalia mlango ukiwa umefungwa.

Nililia nini? Hata leo sina hakika kama naeleza sawasawa. Nilimwangalia yule mtoto kama mzigo ambao abiria amekuachia pale stesheni, akisema nishikie, narudi sasa hivi. Nilimnyonyesha, nilimwosha, lakini moyoni nilikuwa nangoja mwenyewe aje amchukue. Na niliogopa kwamba nitangoja hivyo mpaka siku atakapoolewa.

Jirani yangu wa chumba cha pili, Mwislamu wa rika langu, alikuwa amejifungua mvulana siku nne kabla yangu. Alikaa na mama yake, mwanamke ambaye watu wake walitoka pwani zamani, na uwa mzima tulimwita Bibi. Kati yangu na wao palikuwa na ukuta wa mabati. Siku ya sita Bibi akaingia kwangu bila hodi.

"Unalia nini?"

"Ni moshi, Bibi."

Akainama, akatia kidole ndani ya jiko langu. "Moshi wa jiko baridi," akasema. "Makubwa haya."

Kisha akamchukua mtoto wangu, akamfunika leso, akatoka naye. Aliniibia mtoto mchana kweupe, nami ikabidi nimfuate mwizi hadi kwake. Nikakuta kitanda kipana cha kamba. Jirani yangu alikuwa amelala upande mmoja, amefungwa tumbo kama furushi. Upande wa pili ulikuwa mtupu.

"Panda," Bibi akasema.

Hivyo ndivyo nilivyoazima arobaini ya watu, zile siku arobaini za kulelewa baada ya kuzaa. Nilikandwa kwa maji ya moto mpaka nikapiga kelele. Nilinyweshwa uji wa pilipili manga uliotoa jasho mpaka masikioni. Watoto wetu walifungwa kwa leso za aina moja, wakanukia ubani wa aina moja. Mume wangu aliporudi safari akasimama nje ya pazia, maana mwanamume haingii kwa wazazi, wanawake waliotoka kujifungua.

"Mama mtoto, unarudi lini?"

Bibi akamjibu kabla sijafungua mdomo. "Baada ya arobaini."

"Lakini Bibi, sisi si Waislamu."

"Na tumbo lake lina dini gani?"

Mume wangu akaenda zake. Lazima niseme pia kwamba alifua nepi mwenyewe muda wote huo, akazianika ndani ya chumba chetu ili wanaume wenzake wasimwone.

Sheria moja ya Bibi ilinisumbua. Mzazi haachwi peke yake. Nikienda bafuni, Bibi yuko mlangoni. Nikienda choo, anakohoa nje. Nilidhani anahofia nitamwibia sabuni. Niliandika hivyo kwenye daftari, naona haya kuisoma: "Hawa watu wananilinda kama mwizi." Nilipomwambia jirani, alicheka hadi akashika tumbo.

"Hata mimi hunifuata, na sabuni ni yangu! Anasema mzazi akiachwa peke yake, mawazo mabaya humkalia kitako."

Yangu yalikuwa yameshanikalia, tena yamekunja na miguu.

Basi siku ya ishirini na mbili, au ishirini na tatu, daftari limelowa hapo, palikuwa na joto la kuchosha. Bibi alikuwa amelala kwenye mkeka baada ya swala ya adhuhuri, mtoto mmoja huku, mmoja huku. Vitu baridi tulikatazwa kabisa. Ndipo nikasema lile neno. Jirani akanitazama, akashusha mabuibui mawili kwenye msumari, akanirushia moja.

Sijawahi kutembea na hofu tamu kama ile. Tulipofika barabara ya sokoni, nani anakuja mbele yetu? Yule mkubwa wa akina mama wa kanisa, na kikapu chake.

"Hamjambo, mama zangu?"

"Alhamdulillahi," nikajibu kwa sauti ya puani, neno pekee nililokuwa nalo. Jirani akanifinya mpaka nikaruka. Yule mama akapita akitabasamu. Siku ya ubatizo wa mtoto nilimwendea kuungama, naye akasema, "Nilikujua kwa viatu. Nilifurahi kwamba umetoka nje." Nami miezi yote hiyo nilikuwa nikimwandika vibaya.

Kwenye duka la Mhindi tukapewa soda za machungwa, baridi kama mawe ya mto. Nilikuwa nimefika nusu ya chupa, ndipo akaingia mama mwenye mtoto mgongoni, na yule mtoto akaanza kulia. Alikuwa mtoto wa mtu, lakini kifua changu hakikuuliza. Maziwa yakashuka, buibui likalowa mbele. Nikamwangalia jirani, naye amelowa. Tulicheka hadi mwenye duka akauliza kama tumemwaga soda. Kisha kicheko changu kikakatika. Nilimtaka mtoto. Sikujua hata nilianza kukimbia saa ngapi.

Nilifika nikamnyakua aliyekuwa karibu na mlango, nikakaa chini, nikamtia titi. Akavuta mara tatu, mara nne.

"Huyu si wangu!"

Wa jirani alivuta kama mtu anayevuta ndoo kisimani. Wangu hunyonya kidogo, husimama, huhema, hushika shingo yangu kwa vidole viwili kama anayenipima, ndipo huendelea. Sikujua kwamba nayajua yote hayo. Hakuna aliyeniambia.

"Si wako, kweli," Bibi akasema, macho amefumba. "Wako ni huyo mwenye hasira."

"Bibi, nimemnyonyesha mjukuu wako!"

"Mara moja. Dini yetu inataka mara tano ndipo wawe ndugu wasioweza kuoana. Koma hapo hapo, usinikoseshe mkwe."

Jirani alikuwa ameingia nyuma yangu, anahema. Nilimchukua binti yangu. Akanyonya, akasimama, vidole viwili vikaja shingoni. Nikaanza kulia tena. Nisidanganye, nililia siku nyingine pia baada ya hiyo. Ila sikungoja tena mwenyewe aje kumchukua.

Bibi akafungua jicho moja. "Ni moshi?"

"Hapana, Bibi."

Akanusa. Akaketi. "Na hayo machungwa yanayonuka humu, nani kawapeleka?"

Mkono mmoja ulikuwa umemshika binti yangu, na sikutaka kumwachilia. Nikanyoosha ule wa pili, nikamwonyesha jirani.