Sikio la Mchezaji wa Koboko

Jumamosi, kwenye mashindano ya sataranji pale Ediofe, mchezaji mmoja kutoka Koboko alisogeza malkia wake, akabonyeza saa, akatoka nje. Mpinzani wake, mfanyabiashara wa Arua, hakutazama ubao. Alitazama mlango.

"Huyu mutu iko na simu," aliniambia mimi mtazamaji, akanivuta mkono. Nami, kwa umbeya wangu, nikamfuata hadi nyuma ya ukumbi.

Mtu wa Koboko alikuwa ameinama bombani, anapitisha vidole vyenye maji masikioni.

"Umeona? Iko na kitu ndani ya sikio!"

Kisha akavua soksi.

"Hapo! Simu iko hapo!"

Ukatoka mguu tu. Mfanyabiashara huyu amezaliwa Arua, majirani zake wanatawadha kila siku, lakini siku hiyo hakuutambua udhu. Tulisimama tukimchunguza mpaka akamaliza kuswali alasiri.

Tuliporudi, mwamuzi alikuwa ameshika saa, akamgeukia mfanyabiashara. "Muda yako imekwisha, ndugu. Umeshindwa."

Nikauchambua mchezo. Yule malkia wa mtu wa Koboko ndiye aliyekuwa akilinda mstari wake wa nyuma. Alipoondoka, ngome ya mfanyabiashara ingeshuka pale mara moja, na mfalme wa Koboko asingekuwa na pa kukimbilia. Simu gani ingemshauri mtu ujinga huo?

Nilimwonyesha. Aliuangalia ubao, halafu akanikazia macho.

"Na wewe, nani alituma wewe kutoa mimi kwa meza?"