Mkanda wa Picha Thelathini na Sita

Nimechoka kuulizwa kwa nini siku hizi sishiki kamera. Leo naeleza, tuyamalize.

Enzi za mikanda zilipokuwa zinaelekea ukingoni, Tabora ilibaki na mashine za kusafisha picha za rangi tu. Mama yangu, pale nyumbani Chemchem, akataka picha yake iwe ya nyeusi na nyeupe. Ya marehemu baba ilikuwa hivyo, na yeye alitaka yake itundikwe kando ya hiyo.

"Ukinipiga ya rangi nitakuwa mgeni kwenye ukuta wangu mwenyewe," alisema. "Na ufanye upesi, nataka niione."

Moyo ulikuwa umeanza kumsumbua. Kila mwezi tulikuwa Kitete, hospitali.

Mara ya kwanza nilitumia mkanda wa zamani wa nyeusi na nyeupe niliokuwa nao. Dawa za rangi zikaukomba wote, ukatoka mtupu kama nailoni. Ujuaji wangu huo! Nikaagiza Dar aina nyingine, nyeusi na nyeupe iliyotengenezwa makusudi ipite kwenye mashine ya rangi. Ukaja mmoja tu. Nilivimba kichwa, wallahi, utadhani nimeubuni mimi.

Mama akajitanda kanga mpya, akakaa, nikampiga tatu. Zikabaki thelathini na tatu. Sasa sisi wapiga picha wa kule tulikuwa na mwiko: mkanda hautolewi kabla haujaisha. Kuutoa na picha tatu ni sawa na kuchinja ng'ombe kwa ajili ya ulimi. Lakini nani alitaka harusi yake isiyo na rangi? Wateja walinicheka. Nikapiga kuku wa jirani, nikapiga stesheni ya Tura nilipopita, nikapiga hata baiskeli yangu.

"Picha yangu vipi, baba?"

"Mkanda bado haujaisha, mama."

"Haya. Tutaona nani ataisha kwanza, mimi au huo mkanda wako."

Akacheka, na mimi nikacheka. Mpumbavu mimi.

Picha nne za mwisho nilizipiga makaburini, tukimzika. Mkanda ukajirudisha wenyewe ndani ya kamera, krrr, watu wote wakanigeukia. Niliona haya, nikatamani ardhi inimeze.

Kesho yake nikaupeleka. Nikamwambia fundi wa mashine nitarudi jioni.

"Kurudi kwa nini, kaka? Kaa hapo kwenye benchi."

Nikakaa. Haikutimia hata saa nzima, akaniletea mama.